Iringa kwa miguu kwa siku moja: kutoka Gangilonga hadi Kalenga

Kila likizo inapokaribia simu yangu huanza kuita. "Tunapita Iringa tukienda Mbeya, tuna siku moja tu, tuone nini?" "Gangilonga ni mbali?" "Fuvu la Mkwawa liko pale mjini?" Nimeyajibu maswali haya kwa ujumbe, kwa sauti, na safari moja nikiwa kwenye foleni ya benki watu wote wakisikiliza. Sasa nayaweka yote hapa, hatua kwa hatua. Ukishasoma, nipigie ukipotea tu.

Kabla ya yote, kuna jambo moja ambalo usipolijua utatembea siku nzima bila kuelewa unachokiona. Mji huu wenye benki, soko na bajaji si Iringa ya kwanza. Neno Iringa limetoka kwenye Kihehe, lilinga, yaani ngome, na ngome hiyo ilikuwa Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, kando ya mto Ruaha Mdogo. Wajerumani waliivunja kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Mwaka 1896 wakajenga kituo chao huku mlimani tulipo, na jina wakaja nalo. Kwa hiyo anayezunguka mjini tu kisha akapanda basi kwenda Mbeya, ameona kambi ya waliovunja ngome, ngome yenyewe hajaiona. Ndiyo maana ratiba yangu inaanzia mjini na kuishia Kalenga, na ndiyo maana nitakukatalia ukisema Kalenga tuiache kwa sababu ya muda. Afadhali uache soko.

Historia nyingine utaipata njiani, miguuni.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Viatu vya kufunga, vyenye soli inayoshika. Sendo na "yeboyebo" ziache chumbani. Jiwe la Gangilonga likiwa na umande halina huruma.
- Sweta au koti. Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Juni hadi Agosti, asubuhi, mtu wa Dar es Salaam huongea moshi ukimtoka mdomoni. Saa 5 jua likishapanda utalivua, kwa hiyo uwe na begi la mgongoni la kulitia.
- Kofia. Baridi huwadanganya watu kwamba jua la huku halichomi.
- Maji, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu.
- Kitambulisho. Kwenye makumbusho na maeneo ya mambo ya kale, kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni kutoka nje si sawa, na mlinzi hawezi kuusoma uraia wako usoni.
- Hela ndogondogo, pamoja na salio kwenye simu. Maeneo ya serikali mara nyingi hulipiwa kwa namba ya malipo, si mkono kwa mkono. Lakini mama wa vikapu na konda wa daladala wanataka noti, tena si ya elfu kumi.
- Mwenyeji, kama unaye. Kama huna, ulizia pale unapolala wakutafutie kijana anayeijua njia ya Gangilonga, mpatane bei kabla hamjaondoka.
- Neno moja la Kihehe: *kamwene*. Ni salamu, na jibu lake ni hilohilo. Kwa mzee, shikamoo haijawahi kukosea, ila ukianza na kamwene utaona uso unavyofunguka.

Hatua kwa hatua

1. Lala mjini, tena juu.

Mabasi ya mikoani yanaingia stendi kuu ya Igumbilo, nje ya mji, na mengine hushusha watu Ipogolo, pale barabara kuu inapopita bondeni. Wageni wengi hushuka Ipogolo, wakaona maduka na mishikaki, wakadhani wamefika. Mji uko juu ya mlima. Panda bajaji au daladala ukalale huko, maana ukilala bondeni, saa nzima ya asubuhi, ile nzuri kuliko zote, itakuishia barabarani.

2. Saa 1 asubuhi uwe umeshaanza kupanda Gangilonga.

Watu wengi huliweka jiwe hili mwisho, "tukamalizie kule juu tuone machweo". Mimi nasema lianze, kwa sababu mbili. Kwanza, asubuhi kuna ubaridi na miguu yako bado mipya. Pili, ukiwa juu yake unauona mji wote umelala mgongoni mwa mlima: paa za bati, minara, miti, na mabonde yanavyoukata kila upande. Ukishauona hivyo, mitaa haitakuchanganya tena siku nzima. Hapo ndipo utaelewa pia kwa nini mwanajeshi yeyote, wa upande wowote, angeuchagua mlima huu.

Gangilonga maana yake ni jiwe linaloongea. Wazee wanasimulia kwamba Mkwawa alikuwa akija hapa kukaa peke yake na kutafakari, na kwamba ni hapa alipopata habari kwamba Wajerumani wanamfuata. Wengine watakwambia jiwe lenyewe ndilo lililomwambia. Usibishane. Kaa kimya dakika kumi usikilize upepo unavyopita kwenye nyufa, halafu ujiamulie mwenyewe.

Lipo kaskazini-mashariki mwa katikati ya mji, na kutembea kunawezekana kabisa. Njia hupita kwenye nyumba za watu, kwa hiyo salimia. Ukifika chini ya jiwe, zunguka upande wenye mteremko mpole, usijaribu kupanda mbele kama mjusi kwa sababu umeona vijana wa pale wanapanda. Wao wamezaliwa hapo.

*Angalizo:* usiende peke yako, na simu usiishike mkononi muda wote. Sehemu ikiwa tulivu hivyo, si kila aliyetulia hapo amekuja kutafakari. Na mvua ikiwa imenyesha usiku, subiri jiwe likauke au lisogeze hadi mchana.

3. Shuka hadi Boma.

Makumbusho ya Boma yapo kwenye jengo la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, kuta nene na madirisha marefu. Kwa miaka mingi lilikuwa ofisi za serikali, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa. Ndani utakuta habari za watu wa nyanda hizi, vifaa vyao vya kazi na vita, na ukoloni ulivyoingia. Ukitaka kujua jina Mkwawa lilitoka wapi, kwamba kwa ukamilifu ni Mkwavinyika, aliyetwaa nchi, uliza hapa.

Jipe saa moja na nusu. Kosa linalofanyika hapa ni kupita vyumbani ukipiga picha kila kitu na kusoma hakuna. Chagua chumba kimoja, soma kila kibao, vingine vipite haraka. Na kabla hujatoka, simama nje uligeukie jengo lenyewe. Uguse ukuta. Hiyo nayo ni maonyesho, tena haina kioo.

Hili ni jengo la walewale Wajerumani wa ile kambi niliyokutajia. Shika hilo kichwani, utalihitaji jioni.

4. Pita kwenye mnara wa Maji Maji, lakini simu iwe mfukoni.

Mnara huu wa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, upo mbele ya kituo cha polisi. Nimeandika "mbele ya kituo cha polisi" makusudi. Kila mwaka kuna mgeni anayesimama katikati ya barabara, ananyanyua simu, anapiga picha ya mnara pamoja na kituo kizima nyuma yake, halafu anashangaa kuitwa ndani. Ingia getini, msalimie askari wa zamu, mwambie unataka picha ya mnara, uliza usimame wapi. Mimi nimefanya hivyo, na askari mwenyewe akajitolea kunipiga nikiwa nimesimama pembeni ya mnara. Kichwa akakikata, lakini ruhusa ilikuwa ruhusa.

Ukiwa hapo ujue kitu ambacho mnara hautakwambia: Wahehe kwa wingi wao hawakuingia Maji Maji. Walikuwa wametoka kupigana vita vyao wenyewe miaka saba tu nyuma, na vilikuwa vimewagharimu. Anayekuja akidhani kila kabila la kusini lilikunywa maji yale, hapa ndipo pa kuirekebisha hesabu.

5. Ingia sokoni, angalia vikapu, usinunue.

Soko kuu lipo karibu, na ndani kuna kila kitu ambacho udongo wa huku unakubali kukitoa: viazi, njegere, karoti, maharage ya rangi zote. Lakini wewe nenda kwa akina mama wa vikapu. Vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu, majani yanayoota sehemu za majimaji, vingine vikiachwa rangi yao ya asili na vingine vikitiwa rangi.

Mama mmoja niliyezoea kununua kwake haanzi na bei. Ukimsalimia kamwene, anajibu kamwene, kisha anauliza: "Mwanangu, cha kuwekea nini?" Ukisema cha nguo chafu, anakuonyesha kirefu. Ukisema cha matunda mezani, anakupa kipana chenye ukingo mgumu. Ukisema hujui, anakuambia uende ukafikirie kwanza. Jifunze kwake jinsi ya kukikagua: kigeuze juu chini, bonyeza kitako kwa kidole gumba, kama kinaingia ndani kama mkate, kiache. Pitisha kiganja ukingoni kuona kama uzi wa mwisho umefungwa au umechomekwa tu. Kisha kinuse. Kikapu kilichowahi kulowa kina harufu ya uvundo, na hiyo haitoki hata ukikianika wiki nzima.

Bei ongea kwa heshima, mara mbili, tatu, basi. Kikapu kikubwa ni kazi ya siku nyingi.

Sasa mbona nimesema usinunue? Kwa sababu bado una kilomita za kutembea. Mara ya kwanza nilipomtembeza binamu yangu wa Dar es Salaam tuliianza siku kichwa chini miguu juu: sokoni kwanza, tena saa 4. Alinunua kikapu kimoja kirefu kama pipa. Akakibeba mtaani, akakibeba makaburini, akapanda nacho Gangilonga saa 7 mchana jua likiwa utosini, akiwa amekivaa kichwani kama kofia. Picha tunazo. Tulipofika Kalenga jioni mlango ulikuwa umefungwa. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na ratiba hii unayoisoma ndiyo toba yangu. Chagua kikapu chako, mwambie mama utarudi, na urudi kesho asubuhi kabla ya basi. Atakuwekea.

6. Tembea mtaa wa Jamat.

Huu ni mtaa wa biashara wa zamani, na kinachoutawala ni jamatikhana ya Waismailia yenye mnara wa saa. Unauona kutoka mbali, na ukipotea mjini ndio wa kuufuata. Angalia maduka ya zamani yalivyojengwa: biashara chini, familia juu au nyuma, baraza mbele ya kumkinga mteja na mvua. Nyumba ya ibada si makumbusho, kwa hiyo iangalie ukiwa nje, na usiingie ila umekaribishwa. Dakika 20 zinatosha.

7. Makaburi ya vita.

Kusini-mashariki ya hapo kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na Jumuiya ya Madola, ya watu waliokufa katika vita vyote viwili vya dunia. Majani yamekatwa, mawe yamepangwa mistari, pamekaa kimya. Wageni wengi hawaji, na wanaokuja hukaa dakika tano. Soma majina machache na umri ulioandikwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa kwenye vilima hivihivi unavyovitembea, na waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili ni watu wa hapa, ambao wengi wao hawana jiwe popote.

*Angalizo:* usikalie mawe, usile hapo, na watoto wasikimbizane juu yake. Nimelazimika kulisema.

8. Kula, tena usichelewe.

Saa 6 na nusu uwe mezani. Ugali wa huku ni mahindi ya huku, na maharage usiyadharau. Kama ni msimu wa mvua utaona ulanzi unauzwa, pombe ya mianzi, mtamu ukiwa mbichi. Onja kidogo jioni ukirudi, si sasa. Ulanzi unaoanza kama juisi unamaliza kama ulanzi, na Kalenga inataka akili iliyotulia.

9. Nenda Kalenga.

Hapa kutembea kunaisha kwa muda, kwa sababu ni kama kilomita 15 magharibi mwa mji, kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Panda daladala la Kalenga (uliza, kituo utaonyeshwa), au chukua bajaji mpatane kwenda na kurudi pamoja na muda wa kukusubiri. Mwambie konda unashuka makumbusho ya Mkwawa. Saa 8 mchana uwe umefika.

Ukitegemea majabali na magofu makubwa kama Kilwa, utavunjika moyo. Kalenga ni kijiji. Watu wanalima, kuku wanapita, watoto wanatoka shule. Ukuta wa mawe uliokuwa ukiizunguka ngome umebaki mabaki tu, na usipokuwa na wa kukuonyesha utayapita ukidhani ni mawe ya shambani. Ndiyo maana hapa mwongozaji ni lazima. Mlipe na kumshukuru.

Makumbusho yenyewe ni nyumba ndogo. Ndani kuna silaha, ngao, vitu vya nyumba ya kitemi, na kwenye kioo, fuvu. Nitakueleza kwa ufupi ili usiulize maswali ya kumchosha mwongozaji.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, watu wa Mkwawa waliivizia safu ya jeshi la Wajerumani iliyoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Zelewski alikufa, na askari wake zaidi ya 200 pamoja naye. Bunduki zipatazo 300 zikaingia mikononi mwa Wahehe. Wajerumani walirudi miaka mitatu baadaye, wakaipiga Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa akatoka, akapigana msituni karibu miaka minne, kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona amezingirwa huko Mlambalasi, akajipiga risasi. Kichwa kikakatwa na kuchukuliwa.

Sehemu inayofuata ndiyo watu wengi hawaiamini hadi waonyeshwe. Mkataba wa Versailles wa 1919, uleule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa. Katikati ya mambo ya mipaka ya Ulaya na fidia za vita, kuna mstari wa kichwa cha mtu wa Kalenga. Hata hivyo halikurudi. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyekwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya mji wa Bremen, kulikokuwa na mafuvu mengi, likachaguliwa kwa vipimo vilivyolinganishwa na vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi hapa Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Chifu huyo naye amelazwa hapohapo jirani, karibu na baba yake.

Mjomba wangu, mtu wa maneno mengi, nilimleta mwaka fulani. Alipoingia kwenye kile chumba alivua kofia bila kuambiwa, akaishika kifuani kwa mikono miwili, na hadi tulipofika Iringa mjini hakuongea. Siwezi kukuambia wewe utafanyaje. Nakuomba tu usijipige picha ya kutabasamu na fuvu begani. Ukitaka picha, uliza kwanza, na ukikataliwa shukuru.

Ukitoka nje, mwombe mwongozaji akuonyeshe upande wa Tosamaganga, penye misheni kubwa ya Kikatoliki. Jina hilo hufasiriwa kuwa "tupa mawe", na wenyeji wanasimulia kwamba ni kutoka kilima hicho mizinga ilirusha mawe yake kwenye ngome. Simama ulipo, pima kwa macho umbali wa kutoka kule hadi hapa. Ukuta wa mawe, hata ungekuwa mnene kiasi gani, haukuwahi kujengwa kwa ajili ya kitu kinachotoka kule. Sasa likumbuke lile jengo la asubuhi, Boma, na kuta zake nene.

10. Rudi kabla ya giza.

Usafiri wa kurudi hupungua jioni. Saa 10 na nusu anza kutafuta gari. Ukishafika mjini, ule ulanzi sasa ruhusa.

Yakikwama

*Nina nusu siku tu.* Boma asubuhi, Kalenga mara tu baada yake, umemaliza. Gangilonga utaipanda ukirudi.

*Nina mzee au mtu asiyeweza kupanda.* Gangilonga msimpeleke, hata mkishikana mikono. Boma, mtaa wa Jamat na Kalenga anaweza kwa bajaji. Mzee mwenyewe, ukimkalisha kwenye kivuli pale Kalenga, huenda akakusimulia kuliko kibao chochote.

*Pumzi zinanibana.* Umetoka pwani jana, upo kilomita moja na nusu juu ya bahari, halafu unapanda mlima kwa kukimbia. Tembea polepole, kunywa maji, pumzika kila kona. Ikizidi, shuka, na kama hali haibadiliki nenda hospitali. Usijitie ushujaa.

*Nimekuta makumbusho yamefungwa.* Hutokea, hasa sikukuu na Jumapili. Ulizia siku moja kabla kupitia pale unapolala. Kwa Kalenga, ukikuta mlango umefungwa usigeuze gari hapohapo. Uliza nyumba za jirani, kwa upole, kama mwenye ufunguo yupo karibu. Mara nyingi yupo shambani. Sisi siku ile ya kikapu tulikuwa tumechelewa mno hata shambani alishaondoka.

*Mtu ananidai hela ya "kulinda jiwe".* Muombe kitambulisho na risiti. Mwenye dhamana anavyo. Asiye navyo, msalimie uendelee na safari, usigombane.

*Waongozaji wawili wameniambia hadithi mbili tofauti.* Vizuri. Tarehe za Lugalo, Kalenga na Mlambalasi zimeandikwa, hazibadiliki. Lakini jiwe lilisema nini na Mkwawa alimjibu nani, hayo kila ukoo una yake. Sikiliza yote mawili.

*Mvua imenyesha siku nzima.* Desemba hadi Aprili ujipange kwa hilo. Kaa Boma kwa muda mrefu zaidi, kisha soko, ambalo limeezekwa. Barabara ya Kalenga inapitika, ila ndani ya kijiji utakanyaga tope jekundu ambalo halitoki kwenye viatu vyeupe. Umeonywa.

*Nimepata siku ya pili.* Basi una chaguo tatu, na usijaribu zote. Isimila, kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya, ina zana za mawe za watu wa kale sana, zinazokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 200,000, zilizogunduliwa mwaka 1951, na bonde la nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na mvua. Nenda asubuhi, kofia lazima. Lugalo, upande wa barabara ya Morogoro, kuna mnara wa kumbukumbu ya yale mapigano ya 1891. Ukiwa na basi la kwenda Dar es Salaam utaupita, lakini basi halitakusubiri. Mlambalasi, alipozikwa Mkwawa bila kichwa chake, ni kama kilomita 50 kwa barabara ileile ya Kalenga, na inataka gari la kukodi. Mimi ningechagua Mlambalasi. Ukishaona kilichomo kwenye kioo Kalenga, utataka kuona kilichobaki.

*Nimepotea mjini kabisa.* Tafuta mnara wa saa wa jamatikhana. Kama huuoni, uliza eneo la Miyomboni. Kila mtu anaijua, hata mtoto, na atakusindikiza hadi kona. Ukimjibu kamwene badala ya asante atacheka, lakini atafurahi.